Fundi Amechoka: Je, Kosa ni la Mashine au ni Letu?



Juma hili tulikuwa tumekwisha kuandaa tafakari juu ya jambo jingine kabisa. Tumeiweka kando kwa sababu ya maneno machache aliyotuambia kijana mmoja wa hapa Igwachanya, fundi wa kompyuta, alipokuja ofisini kuturudishia mashine tuliyompa aitengeneze. Aliiweka mezani, akaiwasha, tukaona inafanya kazi. Kisha akasema: “Padri, hii ni ya mwisho. Bisibisi zangu nauza. Naenda kulima parachichi.”

Tulidhani anatania. Hakuwa akitania. Jina lake hatulitaji, wala hakuna haja ya kulitaja, maana vijana wa namna yake wapo wengi, kuanzia hapa kwetu hadi Njombe mjini na Makambako penye njia panda. Kulima parachichi si dhambi. Ni kazi ya heshima, na mkoa wetu unaipata riziki yake humo. Lakini mtu aliyepewa kipaji anapoamua kukifukia ardhini, kama yule mtumishi wa talanta moja katika Injili ya Mathayo, hatuna budi kuuliza pia ni nani aliyemshikia jembe wakati wa kuchimba shimo.

Jibu letu tunalitoa mapema, ili msomaji ajue tunakokwenda. Kosa si la kipaji, wala si la kompyuta kwa kuwa ni kompyuta. Kosa ni la wale wanaounda vitu kwa namna ambayo havitengenezeki tena, na kosa ni letu sisi tunaovinunua kwa shangwe huku tukimlipa fundi kwa ahadi.

Kwanza, tukitazame kipaji chenyewe

Kijana huyu hakusomea ufundi darasani. Alianza na redio ya baba yake, akaendelea na kompyuta chakavu zilizorundikwa katika stoo, zile kubwa zenye kisanduku na kioo kizito. Alizifungua, akazifunga, akaziunguza mbili, ya tatu ikawaka. Tangu hapo hakuna aliyemzuia.

Tumewahi kuketi kando yake akiwa kazini. Jambo la kwanza analofanya ni kunyamaza. Anaiwasha mashine na kuisikiliza, kama mganga anavyosikiliza kifua cha mtoto. Ikilia milio fulani bila kuleta picha, anajua kwamba haioni kumbukumbu yake, ile mafundi wanayoiita ramu. Anaichomoa, anachukua kifutio cha penseli cha mwanafunzi, anasugua meno yake ya rangi ya dhahabu yaliyoshika ukungu kwa sababu ya unyevu wa baridi yetu, anairudisha, mashine inaamka. Ikiwa kila asubuhi mashine inadai kwamba tupo katika mwaka uliokwisha kupita zamani, hahangaiki: anabadili kibetri cha mviringo kama sarafu, kinachotunza saa umeme unapokatika. Mashine ikizima baada ya dakika kumi, anatafuta vumbi jekundu la kiangazi lililoziba feni. Ikikataa kabisa, anakagua ule ubao mkuu, mazabodi, akitafuta vile vikopo vidogo viitwavyo kapasita, vilivyovimba vichwa. Mashine nyingi zilizoundwa duniani mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikufa kwa ugonjwa huo wa kapasita mbovu. Huko zilikotoka zilitupwa. Huku kwetu mtu mwenye mkono mtulivu na risasi ya kulehemu aliweza kuzifufua kwa kifaa chenye bei ya soda.

Je, huu ni ujanja tu wa mikono? Hapana. Kitabu cha Kutoka, sura ya 31, kinasimulia kwamba Mungu alipotaka hema lake lijengwe alimwita Bezaleli kwa jina, akamjaza Roho wake kwa ajili ya ufundi wa dhahabu, shaba, vito na mbao, akampa na Oholiabu kuwa msaidizi. Naye Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anawatazama mhunzi penye moto na mfinyanzi penye gurudumu, anakiri kwamba hawaitwi barazani wala hawakai viti vya mbele, lakini pasipo wao hakuna mji unaokalika, na kwamba kazi ya mikono yao ndiyo sala yao. Miaka zaidi ya elfu mbili imepita, na bado fundi haitwi barazani. Anaitwa tu mashine inapozima, na mara nyingi anaitwa kwa hasira.

Pili, ni nini kilichomkatisha tamaa?

Tulimwuliza. Alitaja mambo matatu, nasi tunayaandika kwa mpangilio wake.

La kwanza: mashine za siku hizi zimefungwa. Kompyuta za zamani zilikuwa kama nyumba yenye milango. Unaingia, unatoa kilichoharibika, unaweka kizima. Sasa anapokea kompyuta nyembamba kama daftari, ambayo kumbukumbu yake imelehemiwa moja kwa moja kwenye mazabodi, betri yake imegandishwa kwa gundi, na skrubu zake zina vichwa vya umbo ambalo bisibisi ya kawaida halitambui. Kipande kidogo kikifa, kimekufa chote. Ameletewa mashine ya kuchapa iliyogoma kwa sababu wino si wa kampuni ile ile, ingawa wino ulikuwamo na karatasi zilikuwamo. Ameletewa nyingine iliyojihesabia kurasa ilizochapa, ilipofika idadi iliyopangiwa ikajifunga yenyewe. “Padri,” alituambia, “zamani nilikuwa napambana na ubovu. Sasa napambana na mtu aliyekaa mbali akapanga nisifaulu.”

La pili: mashine nzima zinatangazwa kuwa zimekufa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na toleo linalofuata, Windows 11, linadai kifaa maalumu cha usalama na aina za vichakato ambazo kompyuta nyingi za zamani hazina. Maana yake kwa mtu wa Igwachanya ni nini? Ni kwamba kompyuta isiyo na doa, ambayo hata feni yake haijaanza kupiga kelele, inageuka kuwa ya kushukiwa kwa tangazo la siku moja. Haikuvunjika. Imeamriwa izeeke.

La tatu ndilo lililotuumiza zaidi. Alisema: “Nafufua mashine usiku kucha, asubuhi mwenyewe anaichukua, jioni namkuta ameikalia anabeti. Nikitengeneza simu, ni ya kuangalia mambo ambayo siwezi kukutajia wewe. Nimeanza kujiuliza kama nawasaidia watu au nawarudishia ugonjwa wao.” Hatukuwa na jibu la haraka, na tunawashukia wale wanaodhani lipo.

Tatu, tuwajibu wanaosema: “Nunua mpya!”

Wapo kati yetu watakaosema kwamba haya ni manung'uniko ya watu wa zamani. Dunia inakwenda mbele, watasema. Kifaa kikiharibika, tupa, nunua kingine, bei zimeshuka. Tena watengenezaji wanazo sababu zao: kulehemu kumbukumbu kunaifanya mashine iwe nyembamba na ya haraka, kuibana betri kwa gundi kunaifanya iwe nyepesi, na masharti mapya ya programu yanazuia wezi wa mitandaoni. Hatuzidharau sababu hizo. Baadhi yake ni za kweli. Lakini hakuna sababu ya wembamba wala ya wepesi inayolazimisha wino wa jirani ukataliwe, au mashine ijifunge kwa kuhesabu kurasa. Hiyo si teknolojia. Hiyo ni biashara iliyovaa koti la teknolojia.

Tena tuulize: anayesema “tupa”, anatupa wapi? Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 inaonyesha kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Humo mna risasi, zebaki na sumu nyingine. Afrika ilikwisha kuliona hilo; ndiyo sababu mwaka 1991 nchi zetu zilitia saini Mkataba wa Bamako wa kuzuia taka za sumu zisiingizwe barani. Na tangu tarehe 1 Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, taka zote za kielektroniki, hata zile zisizo na sumu, hazitakiwi kuvushwa mpaka bila nchi inayopokea kuarifiwa na kuridhia. Hata hivyo taka zina ujanja wa kuvaa jina la “msaada”. Kompyuta kumi zinapofika shuleni zikiwa na tabasamu la mfadhili, na nne tu ndizo zinazowaka, zile sita ni zawadi ya nini?

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliyaunganisha mambo mawili ambayo sisi huyatenganisha: utamaduni wa kutupa vitu na utamaduni wa kutupa watu. Tunaona ukweli wake hapa hapa. Tulipozoea kutupa kompyuta, hatukuchukua muda tukamtupa na fundi wake.

Wala si watu maskini peke yao wanaolalamika. Huko Colorado, Marekani, wakulima waliochoka kuambiwa kwamba hawana ruhusa ya kutengeneza matrekta yao wenyewe walipata mwaka 2023 sheria inayowalazimisha watengenezaji kutoa vipuri, zana na maelezo ya matengenezo. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 maelekezo ya haki ya kutengeneza, ambayo nchi wanachama zilipewa hadi tarehe 31 Julai 2026 kuanza kuyatumia, na sheria yake ya betri inataka kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vingi vya mkononi ziweze kutolewa na mwenye kifaa mwenyewe. Ikiwa matajiri wanaodhaniwa kuwa na uwezo wa kununua vipya kila mwaka wanapigania haki ya kutengeneza, sisi tunaosubiri msimu wa viazi ndipo tununue chaja tunaona aibu gani kuidai?

Nne, tuwajibu na wanaosema: “Achana nazo kabisa!”

Upande wa pili wapo wanaofurahi kumwona kijana akitupa bisibisi. Wanasema kompyuta ni mlango wa shetani, heri tubaki na kalamu. Hao nao wanakosea, na nchi yetu imekwisha kulijaribu wazo lao.

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye, hesabu za serikali zilizowekwa katika kompyuta zilileta vurugu na hasara, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Hasira ile ilikuwa na sababu: tulikuwa tumenunua mashine tusizozielewa, tukawategemea wageni kuziendesha, zikatuletea hasara. Lakini tulijifunza nini kwa kufunga mlango? Mlango ulipokuja kufunguliwa tulikuwa nyuma kwa miaka mingi, na utegemezi tuliokuwa tukiukimbia ulitusubiri pale pale. Dawa ya kutokuelewa mashine ilikuwa kuielewa. Mwalimu Nyerere alipotufundisha mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea hakumaanisha kukimbia zana. Alimaanisha zana imtumikie mtu, na mtu awe na uwezo juu yake.

Hayo hayo aliyasema Papa Yohane Paulo II mwaka 1981 katika waraka wake juu ya kazi, Laborem Exercens: teknolojia ni rafiki wa mtu, lakini yaweza kugeuka kuwa kama adui yake inapomnyang'anya furaha ya kazi, ubunifu na wajibu. Someni vizuri neno hilo, ndugu wapendwa. Ndilo lililompata kijana wetu. Hakuchoshwa na mashine; alinyang'anywa nafasi ya kuwa fundi mbele yake.

Tena tunaye shahidi wa karibu. Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 15, alijifunza mwenyewe kuandika programu, akatumia ujuzi huo kukusanya na kutangaza habari za miujiza ya Ekaristi. Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Kompyuta ile ile inayompeleka mmoja kwenye kamari ilimtumikia mwingine katika njia ya utakatifu. Kwa hiyo swali la tatu la kijana wetu lina jibu, japo si la haraka: anayetengeneza barabara hahukumiwi kwa mlevi anayepita juu yake. Lakini kijiji chenye walevi wengi hakina haki ya kumwachia mtengeneza barabara uchungu huo peke yake. Wazazi mko wapi? Walimu mko wapi? Nasi mapadri tuko wapi?

Tano, tujiangalie sisi wenyewe

Tumewasema wafanyabiashara wa mbali kwa sababu hawatusikii, na ni rahisi kumsema asiyesikia. Sasa tujiseme.

Ni sisi tunaompelekea fundi mashine Jumatatu na kuifuata Jumanne, lakini fedha tunazipeleka “Mungu akipenda”. Ni sisi tunaobishana naye juu ya gharama kwa sababu ametumia dakika tano, bila kukumbuka miaka iliyomfanya azitumie tano badala ya siku nzima. Kifaa alichobadilisha tunakilipia bila neno, kwa kuwa tunakiona. Ujuzi aliotumia tunataka bure, kwa kuwa hauonekani. Daktari hatumfanyii hivyo. Ni sisi pia tunaomwambia mtoto kwamba asiyefaulu mtihani aende “akawe fundi”, kama kwamba ufundi ni jalala la walioshindwa, wakati Kanisa tangu mwaka 1955, kwa agizo la Papa Pius XII, linamheshimu kila tarehe 1 Mei Mtakatifu Yosefu akiwa na jina la Mfanyakazi.

Na hapa tunaungama hadharani. Baada ya kijana yule kuondoka tulifungua daftari la matumizi ya ofisi yetu. Tulikuta kwamba tulikuwa tunadaiwa naye kazi tatu, moja ya tangu kabla ya Kwaresima. Hakuwahi kudai. Sisi tulioandaa homilia nzuri juu ya ujira wa kibarua tulikuwa tumeukalia ujira wa kibarua.

Tufanye nini, basi?

Hatupendi kumaliza kwa kulaumu tu. Tunapendekeza mambo manne, yote yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Moja: kabla ya kununua kifaa, tumwulize fundi, siyo muuzaji. Maswali ni mepesi: Betri inatoka? Kumbukumbu inabadilishwa? Vipuri vinapatikana Makambako au Njombe? Kama majibu yote ni hapana, kifaa hicho si rahisi hata kikiwa cha bei ndogo.

Mbili: mashine zilizotangazwa kufa na bado ni nzima zisitupwe. Ipo programu huru ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, inayofanya kazi katika kompyuta nyingi za zamani bila malipo. Na tusidhani ni mambo ya wageni: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Barua ya parokia, orodha ya kwaya na hesabu za jumuiya hazihitaji zaidi ya hapo.

Tatu: vijana wenye kipaji bila cheti wasaidiwe kupata kutambuliwa. VETA wanao utaratibu wa kuurasimisha ujuzi alioupata mtu nje ya darasa. Kijana akienda huko na nauli ya jumuiya yake, atarudi akiwa na karatasi inayosema kile ambacho sisi tulikuwa tumeshakijua.

Nne: tulipe. Tulipe kwa wakati, na tulipe ujuzi.

Sisi tumeanza na hilo la nne. Tulimfuata kijana kibandani kwake siku ya tatu, tukamkuta akifungasha, tukamkabidhi fedha zake zote pamoja na radhi. Alizihesabu mara mbili. Hakutuahidi chochote, nasi hatukumwomba ahadi. Tuliondoka na baridi ya jioni, na tulipogeuka kwenye kona tulimwona mama mmoja akiingia kibandani na kompyuta kwapani. Hatujui walizungumza nini. Lakini bisibisi, kwa kadiri tulivyosikia hadi leo, hazijauzwa.